Nyumba Yenye Miguu ya Ndama

Ukuta wa nyuma wa mgahawa wa mama ulikuwa mweusi kwa moshi, na mama alimwomba mjomba aupake rangi moja tu, yoyote ile, ili wateja waache kusema wanakula ndani ya chungu. Mjomba ni mdogo wake mama, na kazi yake ni kuchora maduka. Ng'ombe walioko kwenye kuta za bucha karibu zote za hapa machimboni ni wake, na mikasi ya saluni, na ile chupa kubwa ya duka la dawa. Masika iliyopita alikuwa kwetu akisubiri kwenda Chato kupaka mitumbwi. Mvua ilimfungia ndani, makopo yenye mabaki ya rangi yakiwa yamejaa uvunguni, naye ni mtu ambaye mikono yake haitulii. Hata akikaa kuongea anakwangua kitu.

Alianzia juu na rangi ya kijani iliyobaki kwenye duka la pembejeo, kwa hiyo mbingu ikawa kijani. Kwenye hiyo mbingu akapanda pamba, kichwa chini mizizi juu, vitumba vimepasuka vinaning'inia kama mawingu yanayotaka kudondoka. Chini yake akaweka mawe mawili makubwa yaliyobebana, ila la juu halikuligusa la chini. Lilielea, na katikati palipita mwanga wa njano. Kushoto kwa mawe kulikuwa na shimo, na kutoka shimoni ilipanda ngazi ya matimba, yale magogo ambayo wachimbaji huyapanga ili kuta za duara, yaani shimo lao la kuchimbia, zisiwaangukie. Ngazi ilifika katikati ya mbingu ikaishia hapo, haijaegemea kitu. Jua lilikuwa karai la kuoshea dhahabu. Na kulia kabisa, karibu na mlango wa jikoni, ilikuwa nyumba ya bibi mzaa mama, bati lake na mlango wake wa buluu, imeota miguu minne ya ng'ombe na inaondoka. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umeinuliwa.

Mtu hakuwepo hata mmoja.

Mama alisimama na mwiko mkononi akatazama kwa muda. Akasema, "Nilikwambia rangi moja." Mjomba akajibu kwamba hakukuwa na rangi moja iliyotosha ukuta mzima. Wiki hiyo hiyo mvua ilikatika, akapanda basi la Chato, na sisi tukabaki na picha.

Mimi nasoma kidato cha tatu, shule ya kutwa, na asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza namsaidia mama kugawa chai na chapati. Nina aibu sana, na siisemi ili nionewe huruma. Nikipeleka sahani naangalia chini, kwa hiyo wateja wengi nawajua kwa viatu. Lakini masikio yangu hayana aibu. Wachimbaji wakinywa chai husimuliana ndoto. Aliyeota harusi hashuki shimoni siku hiyo, na wenzake hawamcheki. Aliyeota amekanyaga kinyesi anapigwa mgongoni kwa furaha na kuambiwa atangulie. Kuna sheria moja ambayo sijawahi kusikia mtu akiivunja: mwenye ndoto hatafsiri ndoto yake. Anaiweka mezani, wengine ndio wanaisema. Wanaamini kwamba aliyeonyeshwa huwa hajui alichoonyeshwa, na akijitia kujua anaiharibu.

Ndiyo maana nasema kosa lile la kuisoma picha kama ndoto lisingetokea mahali pengine. Pengine wangeiona picha wakacheka, wakala, wakaondoka.

Kijana mmoja wa Maganzo, aliyewahi kutafuta almasi kule kwao kabla ya kuja kwenye dhahabu, ndiye aliyeanza, na alianza kwa mzaha. Alinyoosha kipande cha chapati kuelekea ukutani akamuuliza mama nyumba hiyo inakwenda wapi bila kuaga.

"Inakwenda kutafuta wateja wasiosema sana," mama akamjibu.

Wote wakacheka isipokuwa msimamizi wao. Huyu ni mtu mzima wa Kondoa, mpole, mwenye kofia ya kufuma, na ndiye anayeamua nani ashuke na nani abaki juu. Aliendelea kuitazama ile nyumba huku chai yake ikipoa. Akasema nyumba haiondoki mahali bure. Ikiondoka, basi chini yake kuna kitu kinachoisukuma.

Hapo mchimbaji mwingine, anayekwenda vijijini kununua mkaa, akasema mawe yale anayajua. Yapo kweli, yamebebana hivyo hivyo, kwa bibi mmoja mwenye mlango wa buluu. Mama akasema, "Ni kwa mama yangu." Alisema kwa fahari, maana mtu alikuwa ameutambua ufundi wa mdogo wake. Aliporudi jikoni aliniangalia, na nikaona kwamba naye amesikia jinsi meza ilivyokaa kimya.

Kuanzia siku ile walianza kukaa upande mmoja wa meza, wote wakitazama ukuta. Walibishana kama ngazi ile inashuka au inapanda. Walibishana kama mwanga wa njano kati ya mawe ni mwamba wenye dhahabu au ni njia tu ya kuufuata. Wengine waliipiga picha kwa simu wakawatumia wenzao. Mama alipika chapati nyingi kuliko kawaida na zote zikaisha, na uso wake haukuonyesha kwamba biashara ni nzuri.

Mimi nilishindwa kukaa. Nikikaa darasani mguu unacheza wenyewe mpaka niliyekaa naye dawati moja ananishika goti. Nilijua rashi, ule mkurupuko wa watu kukimbilia dhahabu mpya, ni kitu gani. Mwaka juzi, ng'ambo ya mto unaopita karibu na shule yetu ya msingi, mtu alisema ameona dhahabu kwenye shamba la mpunga. Asubuhi ilikuwa maneno, baada ya siku chache ilikuwa maturubai, na kabla mwezi haujaisha palikuwa na mashimo mengi hata mwenye shamba aliomba mtu amwonyeshe mahali nyumba yake ilipokuwa. Wenye shamba hupewa chao, siyo kwamba wanaporwa. Lakini pesa ile mtoto wao aliyekuwa darasani kwetu hakuisema kamwe. Alichosema ni kwamba usiku mtu akitoka nje lazima ashikwe mkono.

Kwa bibi ndipo nilipolelewa mpaka darasa la nne. Babu amezikwa hapo, hatua chache nyuma ya jiko. Bibi ana mbuzi, ndama, na viazi anavyovikata na kuvikausha kuwa michembe juu ya yale mawe. Nikifikiria maturubai kwenye yale mawe nilihesabu kichwani hatua za kutoka hapo hadi kwenye kaburi la babu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaitafsiri picha ile, shuleni, na hakuna aliyejua. Mwalimu wetu wa Kiswahili, tulipokuwa kwenye uhakiki wa fasihi, alituambia kazi ya sanaa ina udongo wake kama mmea, na ukiing'oa bila udongo unabaki na kijiti. Akatutuma kila mmoja atafute kazi moja ya sanaa karibu na kwao, iwe kanga, mkeka, wimbo wa kulima, chochote, aandike inahusianaje na jamii iliyoizaa. Wengi waliandika kanga. Mimi niliandika ukuta wa mama. Nilipoitwa niisome mbele nilisema koo linauma, nikakaa.

Kuandika kulinisumbua kwa sababu kila nilichokishika kiliteleza. Niliandika mbingu ya kijani ina maana kwamba ardhi imehamia juu, halafu nikakumbuka duka la pembejeo. Niliandika kutokuwepo kwa watu kunaonyesha jinsi watu wa hapa wanavyohesabiwa kuwa si kitu. Halafu nikakumbuka ile saluni iliyomrudisha mjomba kwa sababu kichwa cha mteja alichokichora kilifanana na boga. Mjomba hawezi kuchora watu, na anajua. Sasa mtu asipochora watu kwa sababu hawezi, je, bado inamaanisha kitu? Nilibakiwa na nyumba tu. Nyumba haikuwa mabaki ya rangi ya mtu. Ule mlango wa buluu aliuchanganya mwenyewe, nilimwona, akaukosea na kuufuta mpaka ukafanana na wa kweli.

Mama alimpigia mjomba. Simu ilipatikana jioni moja, upepo wa ziwani ukivuma ndani yake, na mama akaweka sauti kubwa ili na msimamizi asikie, kwa sababu msimamizi alikuwa ameomba kwa adabu asikie. Mama akamwambia, "Waambie umechora nini." Mjomba akacheka, akasema hajui, mkono ulikuwa unakwenda tu. Alipoona mama hacheki akasema tena, taratibu, kwamba haki ya Mungu hajui, na kwamba hakuna dhahabu, ni picha tu.

Msimamizi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo hati. Mwenye ndoto hajui.

Jumamosi wachimbaji wakaja wamevaa mashati safi. Wamenunua sukari na kanga. Msimamizi akamwambia mama kwamba baada ya swala ya adhuhuri watakwenda kumsalimia bibi na kuomba kujaribu kuchimba kwake, na wameona si vizuri kwenda bila mama kujua. Mama akasema picha ile haina maana wanayodhani. Msimamizi akamuuliza, kwa upole, ina maana gani basi. Mama akarudi kugeuza chapati. Yeye anapika.

Kijana wa Maganzo akanigeukia. "Muulizeni mwanafunzi. Au ada inalipiwa kubeba sahani?"

Nilikuwa nimeshika birika. Sijui kwa nini sikuingia jikoni, maana miguu yangu ndiko ilikokuwa inaelekea. Nadhani ni kwa sababu jibu nilikuwa nalo, limeandikwa, na limekaa ndani kwa muda mrefu.

"Siyo ramani," nikasema. "Ile nyumba inahama kwa sababu imeshawahi kuhamishwa. Mara mbili."

Wote wakanigeukia, na hilo likanisukuma. Nikawaambia kwamba bibi aliolewa kule juu mlimani, na nyumba yake ya kwanza ilikuwa huko. Wakati wa vijiji vya ujamaa wakaambiwa washuke wajipange kandokando ya barabara, wakashuka. Babu akajenga upya. Halafu, mjomba akiwa mtoto, mgodi mkubwa ukaja na uzio, na mtaa wao ukaangukia ndani ya uzio, wakalipwa, wakahamia pale kwenye mawe. Mjomba alipanda lori akakaa juu ya mabati. Aliiona nyumba yao ikibebwa, mlango wa buluu ukiwa umelala chali juu ya vitanda, na mlango ule ndio uliopo hadi leo. Nikawaambia pamba iko juu kwa sababu babu alikuwa mkulima wa pamba na pale kwenye mawe hakupata tena pa kuilima. Ngazi haifiki popote kwa sababu... hapo nikairuka ngazi, nikasema, "Hiyo ndiyo maana yake. Ni habari za watu kuhamishwa. Siyo dhahabu."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wanaume. Nikaanza kuwamiminia chai hata wale ambao vikombe vyao vilikuwa vimejaa.

Msimamizi alikuwa amenisikiliza kama watu wanavyosikiliza msibani, kichwa kimeinama. "Asante, binti," akasema. "Pale mlimani, pa kwanza, sasa hivi kuna nini?"

Nikajibu kabla ya kufikiri. "Kuna maduara."

"Na pale barabarani?"

"Ndani ya mgodi."

Akaweka kikombe chini. Hakuuliza pa tatu. Hakukuwa na haja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasikia nilichokisema.

"Jamani," kijana wa Maganzo akasema, na safari hii hakuwa akitania, "huyu bibi akikaa mahali dhahabu inamfuata kama mbwa."

Msimamizi aliinuka akaniambia nimetafsiri vizuri, Mungu anizidishie elimu. Alimaanisha kila neno. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakukuwa na ubaya ndani yake wala dhihaka. Nilikuwa nimesema kweli tupu, mwanzo hadi mwisho, na kweli yenyewe ndiyo iliyowaonyesha njia.

Mama alifunga mgahawa mchana, kitu ambacho hafanyi hata akiugua. Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati, tukapita njia ya mkato ya mashamba ya mihogo ili tuwatangulie. Tulipovuka korongo mama akanisemea sikioni kwamba hakunikataza kusema kwa sababu hata yeye aliona maneno yangu yatasaidia. Nilitamani angenigombeza.

Bibi alikuwa anaanika michembe kwenye jiwe la chini. Tulimsalimu, akaitikia, na mama akamweleza yote kwa Kisukuma, haraka haraka, huku bibi akiendelea kupanga vipande vyake visilaliane. Alipofika kwenye habari ya mimi kuwaeleza wachimbaji, bibi aliniangalia mara moja akauliza kama nilisema uongo wowote. Nikasema hapana. Akarudi kwenye michembe.

Wakaja. Walizima pikipiki mbali, nje ya uzio wa minyaa, wakatembea kwa miguu, wakapiga hodi. Msimamizi alikuwa amejifunza salamu ya Kisukuma akaitoa vibaya, "Mwadila mayu," kwa sauti ya Kondoa, na bibi akaitikia mpaka mwisho bila kumpunguzia hata neno. Wakapewa vigoda. Kanga na sukari zikapokelewa na mama, kwa uso mgumu. Halafu msimamizi akatoa simu akamwonyesha bibi picha, kwa sababu aliona si haki mwenye nyumba awe hajaiona.

Bibi aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Hii miguu ni ya ndama," akasema. "Nyumba yangu ina bati na matofali. Ndama atafika nayo wapi?"

Wanaume wakacheka, hata mama alicheka bila kupenda. Bibi akaongeza kwamba mwanawe tangu utotoni hakupenda kuchunga, ndiyo maana hajui mguu wa ng'ombe mkubwa unavyokaa. Akarudisha simu.

Msimamizi akaomba. Alisema ni shimo moja tu la kujaribu, kwamba nyumba hawataigusa, wala kaburi, wala mawe. Kama hakuna kitu watalifukia. Mama akadakia kwamba maduara huanza na shimo moja la kujaribu, kila mtu hapa anajua. Bibi akainua kiganja, mama akanyamaza.

"Mmekuja kuniomba?" bibi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na nikikataa?"

Msimamizi alivua kofia yake ya kufuma. "Ukikataa sisi tutaondoka, mama. Lakini picha iko kwenye simu za watu. Watakaokuja nyuma yetu, siwezi kukuahidi kwamba watapiga hodi."

Mbuzi alikuwa anakula kona ya kanga mpya na hakuna aliyemfukuza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, nikamwona anavyopumua, mabega yake yakipanda na kushuka. Mara mbili alikuwa amehamishwa, na nadhani mara zote mbili habari ilimfikia ikiwa imeshaamuliwa. Hii ilikuwa mara ya kwanza watu kukaa kwenye vigoda vyake wakasubiri mdomo wake. Lakini nilikuwa nimeacha kujiamini kutafsiri, kwa hiyo sisemi kwamba ndicho alichokuwa anakifikiria.

Aliinuka, akachukua fimbo, akapita kando ya mawe upande wa kulia, akashuka hadi bondeni, mahali anapofungia ndama, chini ya minyaa. Sisi sote tukamfuata kwa mstari. Akachoma fimbo ardhini.

"Chimbeni hapa. Pengine popote, yaya," akasema, yaani hapana.

Kijana wa Maganzo alikuwa ameshatoa simu. Akasema kwa heshima kwamba kwenye picha shimo liko upande wa pili, kushoto.

"Picha ni ya mwanangu," bibi akasema. "Shamba ni langu."

Msimamizi akakubali. Kwa kawaida yao, mwenye ardhi akiisha kuonyesha mahali, hupingi. Walianza Jumatatu.

Wiki ile sikumbuki nilisoma nini. Kipindi cha hesabu mwalimu aliniuliza swali nikasimama na kumjibu kitu cha jiografia, darasa likavunjika mbavu. Kila jioni nilikwenda mgahawani moja kwa moja kusikiliza. Walikuwa wanachimba, na udongo wa kila hatua wanaupakia kwenye viroba kwenda kuuosha, na kwenye karai hakikubaki kitu. Udongo mwekundu, halafu wa kijivu, halafu mweupe unaonata kama unga wa muhogo. Hakuna hata chembe. Nilipenda kusikia hivyo, na papo hapo niliogopa watasema wamechimba mahali sipo, waombe upande wa kushoto.

Kisha asubuhi moja walikuta maji. Yalikuwa yameingia usiku kutoka ubavuni, yakafika kiunoni. Waliyateka kwa ndoo mpaka mchana, yakarudi. Mtu anakodi pampu pale udongo unapomwonyesha kitu, na ule haukuwa umeonyesha chochote. Siku iliyofuata msimamizi alikuja kunywa chai akakaa kwa kuupa mgongo ukuta.

"Binti," kijana wa Maganzo akaniita, "tutafsirie na maji basi."

Nilimwambia chapati zimebaki mbili, anataka au hataki. Wenzake walimcheka hadi akaziba uso kwa kofia.

Picha ile iliendelea kuzunguka kwenye simu, lakini sasa ilikuwa na maneno chini yake: pameshajaribiwa, ni maji. Nimeiona mwenyewe kwenye simu ya jirani. Siku si nyingi zikaja habari za rashi upande wa Kahama, na nusu ya viatu ninavyovijua vikaondoka. Msimamizi alipita kuaga. Alimwambia mama kwamba shimo hawakulifukia kwa sababu bibi mwenyewe aliwakataza.

Mama ndiye aliyeniambia, tukiosha masufuria. Mahali pale ndipo bibi amekuwa akimwomba mjomba amchimbie kisima tangu babu akiwa hai, na mjomba akawa anasema atachimba akirudi. Mama alisema hivyo kisha akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Alikuwa amenunua kopo la rangi nyeupe ile wiki ya hofu. Liko chini ya meza ya chapati. Siku moja aliniuliza kama aufunike ukuta, nikasema ndiyo, halafu nikasema asubiri. Wageni bado wanaingia na kuuliza nyumba ile inakwenda wapi, na kila wakiuliza naingia jikoni.

Jumamosi ya mwisho ya muhula nilikwenda kwa bibi peke yangu. Amepanga matawi ya miiba kuzunguka mdomo wa shimo ili ndama wasitumbukie, ameacha nafasi ya mtu mmoja, na amefunga ndoo kwa kamba ya katani. Nilitaka kumuuliza kama alijua kwamba pale chini ni maji. Nilikuwa nimelipanga swali njia nzima. Nilipofika pale nikasema tu, "Bibi, siku ile..."

"Vuta kamba," akaniambia.

Nikavuta. Ndoo ilikuja nzito, inagonga ukuta wa udongo, maji yamepauka kama yameoshewa mchele. Siyo ya kunywa watu, bado. Bibi aliyamimina kwenye sufuria kuukuu, ndama akanusa, akageuza kichwa, akarudi akanywa. Alipokuwa anakunywa tulisikia pikipiki kwa mbali, inatoka upande wa machimboni. Bibi alisimama wima, na mimi nikaachia kamba. Hatukuangaliana. Ilipunguza mwendo pale kwenye minyaa, au mimi ndiye niliyedhani imepunguza, na sote wawili tulibaki tumesimama hivyo hivyo mpaka ikapita.